Kuhuisha Leseni za Vituo vya Umeme wa Nyuklia: Muda Huokolewa Wapi?

Nchini Marekani kila kituo cha umeme wa nyuklia huendeshwa kwa leseni yenye tarehe ya mwisho. Sheria ya Nishati ya Atomiki ya mwaka 1954 iliagiza kwamba leseni hiyo isizidi miaka 40. Wanafunzi wengi wa fizikia waisikiapo tarakimu hii hudhani kuwa ilitokana na hesabu za wahandisi, yaani kwamba mitambo ilipimwa ikaonekana kuwa kufikia mwaka wa 41 itakuwa haifai tena. Sivyo ilivyokuwa. Watunga sheria walikuwa wakifikiria fedha na ukiritimba: kampuni ipewe muda wa kutosha kurudisha gharama za ujenzi, lakini isipewe kibali cha milele. Hata hivyo, tarakimu ikisha kuandikwa katika sheria huzaa mambo. Wahandisi waliokuja baadaye walifanya baadhi ya hesabu zao kwa kuchukulia kwamba kituo kitatumika kwa miaka 40, na hivyo uamuzi ulioanzia katika biashara ukaingia ndani ya chuma na zege.

Sheria hiyo hiyo inaruhusu leseni kuhuishwa, na kanuni zilizotungwa chini yake zimeweka kwamba kila nyongeza isizidi miaka 20. Mwenye kituo hupeleka maombi yake kwa Tume ya Usimamizi wa Nyuklia, chombo cha serikali kilichoanza kazi Januari 1975 baada ya Tume ya zamani ya Nishati ya Atomiki kuvunjwa. Watumishi wa Tume huyapitia maombi hayo kwa mwaka mmoja au miwili, na imetokea mara moja moja kazi hiyo ikachukua zaidi ya miaka kumi. Kila saa ya mpitiaji hulipiwa na mwombaji. Kwa upande mwingine, kinu kimoja cha megawati 1,000, ambacho uwezo wake ni karibu mara tano ya ule wa kituo cha Kidatu, hutoa takriban kilowati-saa bilioni 8 kwa mwaka kikifanya kazi asilimia 90 ya wakati. Wanaotegemea umeme huo hawapendi kungoja bila kujua kama kitaendelea au kitafungwa; nao wanaoishi jirani na kituo hawapendi kusikia kwamba kilipitiwa kwa haraka. Je, mapitio hayo yanaweza kufupishwa bila kupofushwa?

Kanuni ya kwanza na kasoro yake

Kanuni ya kwanza ya kuhuisha leseni ilitolewa mwaka 1991. Ilimtaka mwombaji atafute uchakavu wa pekee, yaani ule ambao ungejitokeza katika kipindi cha nyongeza tu, baada ya mwaka wa 40. Kwa mwanasheria swali hilo lilikuwa safi, maana leseni ya kwanza ilikwisha hukumiwa na lililobaki ni kuihukumu nyongeza. Kwa mwanasayansi lilikuwa swali gumu pasipo sababu. Kutu haina kalenda. Bomba linalolika katika mwaka wa 12 huendelea kulika katika mwaka wa 41 kwa kanuni zile zile za kemia, na hakuna usiku mmoja ambapo uchakavu wa kawaida hugeuka kuwa uchakavu wa pekee. Basi kila kifaa, hata kiwe kidogo namna gani, kilifunguliwa mlango wa mabishano juu ya jambo ambalo halipo katika maumbile.

Mwaka 1995 kanuni iliandikwa upya. Badala ya kuuliza uchakavu utaanza lini, kanuni mpya iliuliza ni vifaa gani vinavyochakaa na ni kwa njia gani uchakavu huo utaonekana na kuzuiwa kabla haujaleta madhara. Jambo la pili lilikuwa kubwa zaidi: kanuni iliviondoa katika mapitio vifaa vyote ambavyo afya yao hujulikana kila siku kwa njia nyingine.

Msomaji alifikirie basi la abiria. Taa ikiungua dereva huiona usiku ule ule. Injini ikikosa nguvu, mlima huitoa siri yake. Tairi hubadilishwa kila linapoisha. Lakini ufa mwembamba katika fremu inayobeba basi lote hautoi sauti wala moshi. Kituo cha nyuklia nacho kina vifaa vya aina hizo mbili. Pampu, mota na jenereta za akiba hutembea, hujaribiwa mara kwa mara, na kanuni nyingine inayohusu matengenezo inamlazimisha mwendeshaji kuzifuatilia siku zote. Tangi la kinu, mabomba, kuta za zege, nguzo na kebo za umeme havitembei. Vimekaa kimya miaka yote, na aghalabu havikukusudiwa kubadilishwa. Ni vifaa hivi vya kimya ambavyo mapitio ya kuhuisha leseni huvichungulia. Kwa kuchora mstari huo mmoja, Tume iliondoa sehemu kubwa ya kazi bila kuacha kifaa chochote pasipo mwangalizi.

Tangi la chuma na methali ya samaki

Miongoni mwa vifaa vya kimya, kilicho muhimu kuliko vyote ni tangi la chuma lenye kuzunguka fueli ya urani. Katika vinu vinavyotumia maji yaliyobanwa ili yasichemke, unene wa ukuta wa tangi hilo ni takriban sentimita 20, maji ya ndani yana joto la karibu nyuzi 300 za sentigredi, na kanieneo lake ni karibu mara 150 ya lile la hewa. Pampu ikiharibika ipo ya akiba. Tangi la akiba halipo.

Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi, na methali hiyo ina fizikia ndani yake. Chuma kibichi cha tangi, kikipigwa au kuvutwa, hukunjika na kunyooka kabla ya kukatika. Chuma hicho hicho kikipoozwa sana hufika mahali kikavunjika ghafla, kama samaki mkavu. Kiwango cha joto kinachotenganisha tabia hizo mbili huitwa joto la mpito. Tangi jipya lina joto la mpito lililo chini, mbali kabisa na joto la kazi, kwa hiyo halina hatari.

Fueli inapowaka hutoa nyutroni zenye kasi kubwa. Nyutroni hazina chaji, hupenya maji na kuufikia ukuta wa tangi, na huko huzigonga atomu za chuma na kuziondoa mahali pake katika mpangilio wa fuwele. Mapengo na atomu zilizohamishwa, pamoja na chembe ndogo za shaba zinazojikusanya katika maungio, huzuia tabaka za fuwele kuteleza. Chuma kisichoweza kuteleza hakikunjiki. Matokeo yake ni kwamba joto la mpito hupanda mwaka hadi mwaka. Kinachohesabiwa hapa ni jumla ya nyutroni za kasi zilizopita katika kila sentimita moja ya mraba, na kwa vinu vingi vya aina hii jumla hiyo baada ya miongo kadhaa ni ya kiwango cha 10¹⁹, yaani moja ikifuatwa na sifuri 19. Chuma chenye shaba na nikeli nyingi huathirika zaidi, na ndiyo maana maungio ya zamani, ambayo nyaya zake za kuunganishia zilipakwa shaba, hutazamwa kwa jicho kali.

Hatari yenyewe hutokea wakati wa dharura. Maji baridi yakiingizwa ghafla katika tangi lenye moto huku kanieneo likiwa bado juu, uso wa ndani wa ukuta husinyaa haraka kuliko sehemu nyingine. Kila aliyemimina maji baridi katika glasi ya moto anajua kinachofuata. Kwa hiyo kanuni za Marekani zimeweka kipimo: joto la mpito lililokadiriwa likivuka nyuzi 132 za sentigredi kwa mabamba na maungio ya wima, au nyuzi 149 kwa maungio yanayozunguka tangi, mwendeshaji hana budi kufanya uchunguzi wa ziada au kuchukua hatua kabla ya kuruhusiwa kuendelea.

Sasa, tangi haliwezi kukatwa kipande ili kipimwe. Wahandisi wa mwanzo walilifahamu hilo, nao wakaweka ndani ya vinu vidonge vya chuma vyenye vipande vidogo vya chuma kile kile cha tangi na maungio yake. Vidonge hivyo vimewekwa karibu zaidi na fueli kuliko ulivyo ukuta, na kwa sababu hiyo hupokea nyutroni nyingi zaidi kwa muda ule ule. Kidonge kikipokea mara tatu ya kile kinachopokewa na ukuta, basi baada ya miaka 20 vipande vilivyomo vimekwisha kuishi miaka 60 ya tangi. Hutolewa, hupelekwa maabara, hupigwa kwa nyundo inayoning'inia, na nishati iliyotumika kuvivunja husomwa katika viwango mbalimbali vya joto. Hapo mpitiaji ana mwaka wa 60 mkononi mwake, ilhali tangi lenyewe lingali katika mwaka wa 20. Hakuna njia ya karani iwezayo kuokoa muda kama ilivyookolewa na mtu aliyeweka vipande hivyo kabla kinu hakijawashwa.

Kinyume chake kilionekana katika kituo cha Yankee Rowe, jimbo la Massachusetts. Kituo hiki kidogo kilikuwa kimechaguliwa kuwa mmoja wa mifano ya kwanza ya kuhuisha leseni. Lakini wachunguzi walipoliuliza tangi lake lina hali gani, ilionekana kwamba kemia ya baadhi ya maungio yake haikujulikana kwa hakika, na vipimo vya vipande vya majaribio vilikuwa vichache. Kituo kilizimwa Oktoba 1991, na Februari 1992 wenyewe wakaamua kutokiwasha tena. Haikuthibitishwa kwamba tangi lilikuwa bovu. Kilichokosekana ni uthibitisho kwamba lilikuwa zima, na uthibitisho huo ulipaswa kuandaliwa miaka 30 kabla.

Kitabu cha mafunzo ya pamoja

Kituo cha Calvert Cliffs, kando ya ghuba ya Chesapeake katika jimbo la Maryland, kilipeleka maombi Aprili 1998 na kuhuishiwa leseni Machi 2000, kikiwa cha kwanza nchini humo. Kituo cha Oconee cha South Carolina kilifuata miezi miwili baadaye. Maombi mengine yakaanza kuja kwa makundi, na watumishi wa Tume wakajikuta wakiandika maneno yale yale juu ya bomba lile lile la chuma cha pua ndani ya maji yale yale.

Julai 2001 Tume ilichapisha kitabu cha mafunzo ya jumla kuhusu uchakavu. Muundo wake ni wa jedwali, na mwalimu wa kemia ataupenda: safu ya kwanza hutaja kifaa, ya pili kitu kilichokitengeneza, ya tatu mazingira yanayokizunguka, ya nne aina ya uchakavu utokanao na mkutano wa viwili hivyo, na ya tano mpango wa kuuzuia. Chuma cha kawaida ndani ya udongo wenye unyevu huliwa na kutu kutoka nje. Dawa yake ni kukipaka, kukikinga kwa umeme na kukifukua mara kwa mara kitazamwe. Mwombaji anayesema kwamba mpango wake unalingana na ule wa kitabu hahitaji kuutetea upya; wapitiaji huenda kituoni kuhakikisha kwamba anasema kweli, kisha nguvu zao huzielekeza mahali ambapo kituo kinatofautiana na kitabu. Kitabu hicho kilirekebishwa mwaka 2005 na 2010 kadiri uzoefu ulivyoongezeka, na mwaka 2017 likatoka toleo la vituo vinavyotaka kutoka miaka 60 hadi 80.

Ni kweli kwamba maombi ya kwanza ya Calvert Cliffs, yaliyotangulia kitabu, yalikwisha katika miezi 23 tu, na kwamba lengo la Tume kwa miaka mingi baada ya kitabu lilikuwa miezi 22 pasipo shauri na 30 penye shauri. Mtu anaweza kuuliza kitabu kilifaa nini. Kilifaa kuyabeba maombi mengi kwa pamoja kwa idadi ile ile ya wataalamu. Kupunguza muda wa ombi moja moja ni jambo jingine, nalo lilichelewa kuja.

Upande wa mazingira uligawanywa kwa namna iyo hiyo. Taarifa ya Jumla ya Athari kwa Mazingira ya mwaka 1996 iliorodhesha mambo 92, na katika hayo 69 yalionekana kuwa na jibu moja kwa vituo vyote vinavyohusika. Yaliyobaki, kama vile samaki wanaonaswa katika maji ya kupozea au viumbe adimu wa mahali fulani, yalihitaji kuangaliwa kituo kwa kituo. Inafaa kukumbuka kwamba jina la Calvert Cliffs lilikuwa limekwisha ingia katika vitabu vya sheria mwaka 1971, wakati mahakama ya rufani ilipoiamuru Tume ya zamani ichukulie athari za mazingira kwa uzito.

Mapitio yanapokuwa nakala

Kugawa kazi namna hii kuna mtego wake. Septemba 2007 ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Tume ilitoa ripoti juu ya mpango wa kuhuisha leseni. Wakaguzi walilinganisha taarifa za wapitiaji na maombi ya kampuni, wakakuta vifungu vilivyofanana neno kwa neno au karibu neno kwa neno. Kila mwalimu aliyesahihisha madaftari anaijua hali hiyo. Mwanafunzi anayenakili huenda ameelewa, na huenda hakuelewa, daftari halisemi. Taarifa ya mapitio haina budi kumwonyesha msomaji kile mpitiaji alichokiona yeye mwenyewe, la sivyo ni risiti tu.

Kwamba mpango ulioandikwa vizuri si mpango uliotekelezwa, kulikwisha onekana mwaka 2002 huko Davis-Besse, jimbo la Ohio. Maji ya kinu hutiwa asidi ya boroni ili kunyonya nyutroni. Asidi hiyo ilikuwa ikivuja kidogo kidogo kupitia nyufa juu ya kifuniko cha tangi na kukilika chuma. Machi mwaka huo mafundi waligundua shimo lililopenya unene wote wa chuma cha kifuniko, zaidi ya sentimita 15, na kubakiza bamba la ndani la chuma cha pua lisilofika unene wa sentimita moja. Kituo hicho hakikuwa hata na miaka 30. Mpango wa kukagua ulikuwapo; masalio ya asidi yaliyofunika mahali hapo hayakuondolewa yote ili patazamwe. Kituo kilifungwa kwa matengenezo kwa karibu miaka miwili, na leseni yake ilihuishwa baadaye, mwaka 2015.

Ucheleweshaji hutoka wapi

Anayetaka kufupisha kazi yafaa kwanza ajue muda unapotelea wapi. Maombi yaliyochelewa mno nchini Marekani hayakuchelewa kwa sababu moja.

Kituo cha Seabrook, pwani ya New Hampshire, kiliomba mwaka 2010 na kupewa mwaka 2019. Katika kuta zake za chini ya ardhi ilionekana mipasuko midogo iliyosambaa kama ramani. Alkali iliyomo katika saruji ilikuwa ikikutana na silika ya baadhi ya kokoto na kufanya utomvu unaofyonza maji na kuvimba, hata zege likapasuka kutoka ndani. Ugumu wa kisayansi ulikuwa katika kupima nguvu iliyobaki. Kipande kilichotobolewa ukutani huonekana dhaifu, lakini ukutani kilikuwa kimebanwa na nondo, na kubanwa huko humwongezea nguvu yule anayevimba. Ilibidi boriti kubwa za zege zitengenezwe katika chuo kikuu cha Texas, zisubiriwe zivimbe, kisha zivunjwe. Zege haliharakishwi kwa barua. Hata baada ya hapo, kikundi cha raia kilipinga, na mwaka 2020 baraza la majaji wa Tume likaongeza masharti manne juu ya upimaji wa zege hilo. Wale wasemao kwamba mashauri ya wananchi ni kupoteza wakati wangefaa kuyasoma masharti hayo.

Kituo cha Indian Point, kaskazini mwa jiji la New York, kiliomba mwaka 2007 na kuhuishiwa mwaka 2018, baada ya mvutano mrefu na serikali ya jimbo. Wakati wote huo kiliendelea kuzalisha umeme, kwa sababu sheria inasema kwamba anayeomba angalau miaka mitano kabla ya leseni kwisha haizimiwi mitambo kabla ya uamuzi. Vinu vyake vilifungwa mwaka 2020 na 2021, mapema kuliko leseni mpya ilivyoruhusu. Msomaji atahukumu mwenyewe kama miaka ile kumi na moja ya mapitio ilikuwa na mavuno.

Sababu ya tatu haikuhusu kituo chochote kwa jina. Juni 2012 mahakama ya rufani mjini Washington ilibatilisha maelezo ya Tume juu ya kuhifadhi mabaki ya fueli kwa muda mrefu. Tume ikasimamisha utoaji wa leseni zote, mpya na za kuhuisha, hata kanuni nyingine ilipokamilika mwaka 2014. Kosa la namna hiyo likarudi tena. Desemba 2019 vinu viwili vya Turkey Point, Florida, vilikuwa vya kwanza kuruhusiwa kufika miaka 80. Februari 2022 wakuu wa Tume waliamua kwamba Taarifa ya Jumla ya mazingira ilizungumzia nyongeza ya kwanza tu, si ya pili, na tarehe za leseni hizo zikarudishwa nyuma. Taarifa iliyorekebishwa ilikamilika mwaka 2024. Ndipo inapoonekana gharama ya kugawa vibaya: jambo likitiwa katika kapu la mambo yaliyokwisha jibiwa kumbe halijajibiwa, halichelewi kituo kimoja bali vyote vilivyolitegemea.

Miezi kumi na minane, kisha kumi na miwili

Kwa maombi ya miaka 80 Tume ilijiwekea lengo la miezi 18, na Mei 2025 amri ya Rais wa Marekani iliagiza kwamba uamuzi juu ya kinu kilichopo utolewe katika muda usiozidi mwaka mmoja. Baadhi ya njia za kufikia hapo hazina ubishi. Maombi yakaguliwe yakiwa bado rasimu, ili yanayokosekana yajulikane kabla saa haijaanza kuhesabiwa. Wapitiaji wasome kumbukumbu za kituo moja kwa moja, wazungumze na wahandisi wake ana kwa ana, badala ya kuandikiana maswali na majibu ambayo kila zamu hula wiki kadhaa. Kituo cha pili cha kampuni ile ile, kilichojengwa kwa michoro ile ile, kisianzishiwe somo tangu darasa la kwanza.

Lakini kuna mambo manne ambayo wataalamu wa Tume na wa viwanda wameyataja kuwa magumu hasa baada ya mwaka wa 60: chuma cha tangi kilichopokea nyutroni nyingi mno, vyuma vya ndani ya tangi vinavyopasuka kwa mnururisho na mkazo kwa pamoja, zege lililo karibu na kinu, na ngozi ya kebo za umeme inayokauka. Haya hayafupishwi na ratiba. Yanaweza kutanguliwa tu, kwa sampuli zinazotolewa mapema na majaribio yanayoanza miaka kumi kabla ya ombi. Ratiba ya miezi 12 inafaa kwa kituo chenye vipimo tayari. Kwa kituo kisicho navyo, ama itavunjwa ratiba au watafumba macho wapitiaji, na Yankee Rowe ilionyesha kwamba lipo jibu la tatu.

Suala hili si geni kwa bara la Afrika. Koeberg, karibu na Cape Town, ambako umeme wa nyuklia umezalishwa tangu mwaka 1984, iliongezewa miaka 20 kwa kinu chake cha kwanza Julai 2024.

Kwa ajili ya darasa

Mwalimu anaweza kutumia hesabu ifuatayo. Bomba moja lilisanifiwa kustahimili mizunguko 200 ya kupashwa moto na kupozwa katika miaka 40, kwa hofu ya uchovu wa metali. Kumbukumbu zinaonyesha kuwa kwa wastani mizunguko mitatu hutokea kila mwaka. Wanafunzi waonyeshe kwamba hesabu ya zamani inatosha kwa miaka 60, kisha watafute ni katika mwaka gani itakoma kutosha. Kanuni inampa mwombaji njia tatu: kuonyesha kuwa hesabu ya zamani ingali sahihi, kuifanya upya hadi mwisho wa nyongeza, au kuufuatilia uchakavu wenyewe kwa vipimo. Kwa miaka 80, ni njia ipi wangeichagua, na ni nani angepaswa kuhesabu mizunguko?

Kidonge kilichotajwa hapo juu hupokea mara tatu ya nyutroni za ukuta. Kitolewe mwaka gani ili kionyeshe hali ya ukuta wa mwaka wa 80? Kama hesabu haitoi mwaka kamili, wanafunzi waeleze kwa nini ni heri kukiacha ndani muda kidogo zaidi kuliko kukitoa mapema.

Mwishowe wanafunzi watembelee jengo la shule yao wakiwa na karatasi yenye safu tano kama zile za kitabu. Waandike bomba la maji, boriti za paa, bawaba za milango, nguzo za tangi la maji ya mvua, swichi za taa na msingi wa ukuta. Waamue kipi hujisema chenyewe kikiharibika na kipi hunyamaza, na kwa kila kinyamazacho wataje ni nani alikitazama mara ya mwisho, na lini.